Kichwa Kilichotulia Kuliko Vyote

Jumatatu, 8 Septemba

Shadya ameota jino la tatu. Mimi nimeota mvi ya kwanza.

Tangu azaliwe, miezi minane, sijapata usingizi wa saa mbili mfululizo. Leo nimetia chumvi kwenye chai ya Twahiru. Akainywa yote. Mume wangu ni fundi wa friji pale Chikongola, hagombani na kitu mpaka kizime kabisa.

Asubuhi kliniki ya mtoto. Foleni ndefu. Ukutani tangazo. Wanatafutwa watu sita wenye afya, wasio na chuma mwilini, wapigwe picha za ubongo mara nne kwenye ile mashine ya sumaku inayoitwa MRI. Kazi ya mtu ni moja. Unalala chali dakika arobaini, hutikisiki. Majaribio yakiisha, kichwa kimoja kitachaguliwa kiwe kichwa cha kipimo, kipigwe picha kila Jumatano asubuhi kwa mwaka mzima.

Nikasoma mara tatu. Dakika arobaini za kufumba macho. Hakuna jiko, hakuna nepi, hakuna wa kuita mama. Mara hamsini na mbili. Nikajiandikisha kabla sijauliza wanataka nini na ubongo wenyewe. Nesi akaandika jina langu, Subira, akasifu moyo wangu wa kujitolea. Nikainamisha macho kama mtu mnyenyekevu. Kumbe yalikuwa yanafumba yenyewe.

Nyumbani nimewaambia naitumikia sayansi. Twahiru akasema sawa. Farida wangu wa miaka minne akauliza kama kichwa watakitoa kwanza. Mama mkwe, Bi Mwaisha, amekuja kutoka Mikindani kunisaidia kulea, na mpaka sasa msaada wake mkubwa ni maoni. Kwao yeye ndiye mwosha maiti wa wanawake, mwaka wa thelathini huu, kwa hiyo amezoea watu wasiomjibu. Akasema zamani watu walizaa kumi na hakuna aliyekwenda kupigwa picha ya uchovu. Sikumjibu.

Kosa langu ni kusema mbele ya Husna. Husna ni wifi yangu, dada yake Twahiru, nyumba ya pili kutoka kwetu. Alasiri akaja kunipa habari njema, na yeye amejiandikisha. Wifi, tutakwenda wote, akasema, nani akuache peke yako.

Husna hana mtoto mchanga. Analala mpaka saa tatu asubuhi na mchana anarudia. Anakwenda kutafuta nini mle ndani?

Jumatano, 10 Septemba

Picha ya kwanza. Nimevua hereni, pini za ushungi, mpaka sidiria yenye waya. Husna alitoa pini kumi na moja. Nilizihesabu.

Daktari Gladness, ndiye mwenye utafiti, alitueleza vizuri. Picha ya kawaida inaonyesha tu wapi peupe na wapi peusi. Hii wanayotaka wao, kila nukta ya ubongo inapewa namba. Namba ikiwa sahihi, ugonjwa utaonekana kabla macho hayajauona. Shida ni kwamba kichwa kile kile kinapata namba hii leo na nyingine keshokutwa. Sasa wanataka kujua, kosa ni la mashine au ni la kichwa kutikisika?

Wengine wakakunja uso. Mimi nikaelewa palepale. Ni Shadya kwenye mizani ya kliniki. Akirusha miguu mshale unacheza, nesi anaandika kilo za kukisia. Nikalisema kwa sauti. Daktari akafurahi, akaandika kwenye daftari lake. Husna akasema wifi yangu huyu, kila kitu kwake ni mtoto.

Anayeendesha mashine ni Americo, kijana wa Msimbati, bibi yake alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Mpole. Akanibana kichwa kwa sponji huku na huku, akanipa vizibo vya masikio na mpira wa kubonyeza nikishindwa. Nikaingizwa kama mkate kwenye tanuri.

Kelele ni za mafundi watatu wanaogonga bati, kila mmoja na bosi wake. Lakini hakuna hata fundi mmoja aliyetaka uji. Nilitaka kusinzia, hofu ikanikatalia. Nikakodoa macho dakika arobaini, sikumeza hata mate.

Matokeo, nimekuwa wa kwanza kati ya sita. Americo akasema nilitulia kama niliyepigwa misumari. Husna wa pili, alimeza mate sana. Njiani nikamfariji. Nikamwambia kumeza mate si dhambi, wifi, ni tabia tu.

Ijumaa, 12 Septemba

Picha ya pili. Nimepata usingizi.

Sijui niandike vipi. Ulikuja kuanzia miguuni. Mafundi wa bati wakawa mbali, kisha wakawa mvua, kisha hawakuwapo. Niliota nimekaa mahali na mikono yangu yote miwili ni mitupu. Hiyo tu ndiyo ndoto. Nilipotolewa shavu limelowa mate na Americo ananitazama kwa huruma.

Nimekuwa wa mwisho. Nakoroma. Kila nikivuta pumzi kidevu kinapanda na kichwa kinakifuata. Americo alinionyesha. Ubongo wangu una mawimbi kama bwawa lililotupiwa jiwe, na namba zake, akasema kwa adabu, haziwezi kuwa za binadamu.

Husna amekuwa wa kwanza. Kufika adhuhuri mtaa mzima unajua nakoroma mpaka kompyuta inasikia.

Nikamuuliza Twahiru kama ni kweli. Akatazama ukuta. Akasema tangu wiki ya harusi. Mbona hukuniambia? Akasema friji inayounguruma ndiyo nzima, ya kuogopa ni iliyonyamaza. Nilitaka kukasirika, sikuwa na nguvu.

Kwa hiyo hali ndiyo hii. Mahali pekee Mtwara nzima ninapoweza kusinzia, nikisinzia tu nafukuzwa. Nikikaa macho nitashinda, lakini nishinde halafu nikakae macho Jumatano hamsini na mbili? Hapana. Dawa ni kukomesha mkoromo wenyewe. Imebaki mara mbili.

Jumamosi, 13 Septemba

Siku ya majaribio. Mimi mwenyewe ndiye mtafiti.

Jaribio la kwanza, chai ya pilipili manga. Nimepata chafya na kiungulia.

Jaribio la pili, kulala na korosho paji la usoni. Isipoanguka, kichwa hakikutikisika. Farida nikamfanya msimamizi, akae kitako aitazame. Nilipozinduka korosho hakuna. Nikamuuliza ilianguka upande gani. Akasema haikuanguka. Nikamwambia afungue mdomo. Kipimo kimeliwa. Nikamkaripia, kisha nikamega nyingine tukala nusu kwa nusu, maana alisimamia dakika nne nzima bila kusema neno na kwake hiyo ni rekodi.

Jaribio la tatu ndilo lenyewe. Kitambaa nilichochana kwenye shuka kuukuu, kipite chini ya kidevu, kifungwe fundo utosini. Mdomo hauachami. Mkoromo hauna pa kutokea. Twahiru akasikiliza wakati wa kulala mchana, akasema nimekuwa kimya mpaka aliniwekea mkono puani.

Jioni nikampelekea Husna sahani ya ming'oko, viazi vyetu vya porini. Nia njema. Tukazungumza habari za mashine. Nikamwambia, kwa mapenzi tu, asije akashtuka, ikifika dakika ya kumi ndani mle pua huwa inawasha. Hasa tundu la kushoto. Usiifikirie tu, wifi, nikamwambia. Ukiifikiria ndiyo inazidi.

Akasema yake haiwashi. Nikasema alhamdulillahi. Nilipofika mlangoni alikuwa ameigusa mara mbili.

Jumatatu, 15 Septemba

Picha ya tatu. Husna aliingia kabla yangu. Dakika ya kumi na moja akabonyeza mpira. Akatolewa analia machozi, anajikuna pua kwa mikono miwili. Ameshuka mpaka wa nne.

Nikaingia mimi. Kitambaa nimekisahau nyumbani kwa haraka, kwa hiyo nimeamua kukaa macho. Nikawa nafurahi ndani kwa ndani. Dakika ya kumi pua ikaanza. Tundu la kushoto.

Nilivumilia mpaka ya kumi na saba. Nimekuwa wa tatu.

Tatizo ni kwamba Husna aliwahadithia wenzake wote kule kwenye benchi. Watu wanne kati ya sita wamewashwa. Daktari Gladness amehangaika. Amehisi sponji zina vumbi, amefanya zibadilishwe foronya zote na kiyoyozi kisafishwe. Kwenye daftari ameandika mistari mingi juu ya pua. Akatuuliza mmoja mmoja kama tuna mzio. Nikasema sijui, mimi ni mtu wa kawaida tu.

Roho ilinisuta. Mama wa watu ametafuta pesa za utafiti miaka miwili ili kosa la mashine lipungue, na mimi nimemwongezea kosa la kwangu. Nilikaribia kumwambia. Shadya akalia, nikaenda kunyonyesha.

Keshokutwa ya mwisho, ndiyo itakayoamua. Nitafunga kidevu. Nitafunga na miguu, maana Americo ameniambia mguu wangu hupiga teke nikianza kusinzia na teke la mguu hufika kichwani. Akasema mwili ni kamba moja. Kijana ana akili.

Jumatano, 17 Septemba

Nieleze kwa utaratibu.

Saa tatu asubuhi nikafika peke yangu, Husna alishapigwa yake mapema. Bi Mwaisha nilimwachia Shadya, tukakubaliana anifuate naye saa nne nimnyonyeshe. Nikamwonyesha Americo vitambaa vyangu viwili. Akavikagua, pamba tupu, hakuna pini. Akasema ni ubunifu mzuri. Nikajifunga kidevu, fundo utosini. Nikaomba anifunge vidole gumba vya miguu pamoja. Baridi ya kiyoyozi ilikuwa kali, akanifunika shuka jeupe mpaka kifuani, vidole vikabaki nje. Nikafumba macho. Hata Fatiha sikuimaliza, usingizi ukanichukua.

Yaliyofuata nimesimuliwa na watu, na wote wanasimulia kwa pamoja.

Bi Mwaisha alifika mapema. Mlango wa chumba cha kompyuta ulikuwa wazi. Americo amempa mgongo, anatazama namba zake. Mama mkwe akachungulia kwenye kioo anitafute. Akaniona. Shuka jeupe. Taya limefungwa kwa kitambaa. Vidole vya miguu vimefungwa. Sitikisiki. Na mashine inanimeza polepole.

Mtu mwingine angeuliza. Lakini aliyefunga mataya ya watu miaka thelathini ataulizaje? Akasema inna lillahi kwa sauti ndogo, akatazama fundo, akaona limefungwa vizuri. Hakupiga kelele. Wenye kazi hiyo hawapigi kelele. Akamfunga Shadya mgongoni vizuri, akatoka, akampigia simu Twahiru, akampigia dada yake Mikindani, akaenda kutayarisha nyumba.

Mimi nikatolewa baada ya dakika arobaini, nimeshiba usingizi kama mfalme. Americo alikuwa amesimama. Akasema hajawahi kuona. Hakuna wimbi hata moja. Namba za leo na zile za siku ya kwanza zimekaribiana mpaka alidhani amefungua faili lile lile mara mbili. Nikacheka. Nikauliza mwanangu yuko wapi, kifua kimejaa maziwa. Hakuna aliyemwona. Simu yangu ina miito ishirini na mitatu.

Nikachukua bajaji. Kona ya kwetu nikaona viti vya plastiki na wanaume wamekaa wameinama. Nikasema ni Shadya. Nikaruka bajaji haijasimama.

Viatu vimejaa mlangoni. Ndani wanawake juu ya mikeka, kanga vichwani. Nikauliza nani. Jirani aliyekuwa karibu na mlango akanitazama, akatazama kitambaa kilichokuwa bado kimening'inia shingoni mwangu, akapita dirishani. Ni mwanamke mnene. Dirisha ni dogo. Sijui alipitaje.

Shadya alikuwa mikononi mwa Husna. Mzima, anatafuna kona ya kanga. Nikamchukua nikakaa chini palepale nikamnyonyesha, hayo mengine nikayaacha yasubiri.

Husna hakukimbia. Alikuwa amevimba macho, sauti imekwisha. Akanishika mguu kuona kama una joto. Akasema alikuwa anawaeleza watu kwamba wifi yake hakuwahi kumsema mtu vibaya, kwamba ameolewa nyumba hii miaka sita na hajaonekana amekaa. Kisha akakumbuka habari ya pua. Akauachia mguu wangu.

Twahiru walimwita kutoka upande wa wanaume. Alikuwa ameshika ndala zangu za chooni. Sijui kwa nini hizo. Akasimama mlangoni na ndala mkononi. Sijawahi kumwona hivyo. Nikamwambia kaa, baba Farida, ni mimi. Akakaa juu ya ndala.

Bi Mwaisha ndiye aliyekasirika. Akasema mtoto gani mwenye wazazi anajifunga taya mwenyewe. Akasema fundo lilikuwa zuri, ndilo lililomponza, lingekuwa baya angejua ni mzaha. Kisha akanivuta kichwa akakilaza pajani kwake, mbele za watu, akanipapasa utosi pale palipofungwa. Mkono wake ulikuwa baridi.

Shehe akashauri kwamba kwa kuwa wali umeshaiva na watu wameshakaa, isomwe dua ya shukrani. Ikasomwa. Watu wakala. Mama mmoja akabeba sukari yake akarudi nayo, akasema yeye aliileta kwa msiba.

Ijumaa, 19 Septemba

Daktari Gladness ameniita. Nimekwenda nimevaa vizuri, kama bibi harusi wa Jumatano zote.

Akasema picha yangu ya mwisho ni safi kuliko zote zilizowahi kupigwa na mashine ile. Akasema sikuchaguliwa.

Nikasema sikusikia. Akaeleza taratibu. Mgonjwa atakayekuja pale hatafungwa kidevu na miguu kama anayepelekwa kaburini. Namba ikinyooka kwa sababu ya kitambaa, wamepima kitambaa. Wanataka kichwa kinachotikisika kama vichwa vya watu, kidogo, kwa uaminifu, ili wajifunze kusahihisha kosa lenyewe. Kwa hiyo wamemchukua mtu wa katikati.

Nikajua kabla hajataja jina. Husna. Anameza mate kama watu wote.

Nikalia. Si machozi ya adabu. Daktari akafunga mlango akaniuliza kilio hiki ni cha sayansi kweli. Nikamweleza yote. Korosho, kidevu, dakika arobaini mara hamsini na mbili. Nikamweleza na pua. Akachukua kalamu akafuta ukurasa mzima wa pua kwenye daftari. Kisha akasema Subira, dada yangu, wewe huhitaji sumaku. Unahitaji mtu wa kumshika mtoto. Umemwomba nani?

Nikafikiri. Hakuna. Nilidhani wanaona.

Jioni nikamwambia Twahiru kwa maneno mawili tu, nimechoka, nisaidie. Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano, nimepanga na majibu. Akasema kumbe ndiyo hiyo tu. Akasema kila Jumapili kuanzia saa nane mpaka saa kumi anawachukua watoto wote wawili, na mama yake atakaa mlangoni asipite mtu. Bi Mwaisha akasema atakaa na fimbo.

Saa mbili nzima. Kila wiki. Na mashine ilikuwa inanipa dakika arobaini.

Jumapili, 21 Septemba

Saa nane kamili. Wametoka. Twahiru amembeba Shadya, Farida ameshika mfuko wa nepi kama karani. Chumba kimya. Pazia limefungwa. Nimelala chali. Mikono yangu yote miwili ni mitupu.

Saa nane na robo. Sasa hivi nafumba macho. Nimekumbuka jambo dogo tu, nimewasha simu kulitazama. Husna anaanza Jumatano hii.

Saa nane na nusu. Si wivu. Nawafikiria wao na utafiti wao. Mtu wa katikati anaweza kuugua, anaweza kusafiri. Hawana mtu wa akiba. Utafiti mzima bila akiba ni hatari.

Saa tisa. Nimepata. Ni ulimi. Mtu hajui ulimi wake huwa unakaa wapi mdomoni mpaka aulizwe. Unagusa meno ya juu? Unalala chini? Ukishaulizwa huwezi tena kuuacha. Husna akiulizwa Jumatano saa mbili asubuhi, dakika arobaini zote atakuwa anauhamisha. Na habari ya ulimi haihusiani kabisa na pua. Daktari hatalazimika kufuta ukurasa wowote.

Saa tisa na nusu. Wa kwangu unagusa meno ya juu. Nimeushusha. Umepanda. Nimegeukia ukutani.

Saa kumi kasoro kumi. Nimejaribu kuuweka kando. Kando hakukaliki.

Saa kumi. Twahiru amegonga kidogo, ananong'ona mlangoni kama nimelala vizuri. Nimemwambia sana, Mungu akuweke. Jumatano mapema nampelekea Husna maandazi, nikakae naye kidogo kabla hajaondoka.